Adui Hazikwi Bila Mtani

Jumatano, 18 Septemba 2024

Leo nimekuwa adui. Adui wa muvi!

Aqeel, mtoto wa mzee Gulamali mwenye duka la jumla, alikuja saluni kunyoa. Namgeuza shingo huku, yeye ananitazama kwenye kioo. Nikadhani nimemkata. Kumbe anaangalia upara wangu na hizi ndevu zilizofika kifuani. Akasema tangu arudi kutoka Dar anatafuta sura ya mtu mbaya, Kilwa Masoko nzima hajaipata mpaka leo. Nikamshukuru. Sijui nilishukuru nini.

Muvi ni ya kutafuta hazina kisiwani. Mapanga, kukimbizana, kurushana majini. Mimi ni Kapteni Fupa, haramia. Stelingi ni Jerome wa bodaboda, kwa sababu ya meno yake. Sawa tu. Stelingi kazi yake kukimbia na kushinda, lakini watu wakitoka kibanda cha video wanamwigiza adui.

Daftari hili nimelinunua leo hii hii. Mtu akishakuwa msanii aandike. Na sababu nyingine ni Katarina wa duka la dawa. Mwezi uliopita nilimwambia nataka kutuma mshenga kwao Rutamba. Hakucheka, hakununa. Alisema, "Lukas, nionyeshe kitu kimoja ulichokianza ukakimaliza. Kimoja tu. Halafu mtume huyo mshenga."

Nimeyameza maneno yale, hayashuki. Kuku wangu walikufa kwa kideri, si mimi niliyewaua. Kwaya niliiacha kwa sababu mwalimu wa kwaya ana dharau. Na ukuta wa saluni uko bluu mpaka mlangoni tu kwa kuwa rangi iliisha. Rangi ikiisha mtu afanyeje?

Basi muvi hii naimaliza. Mpaka jina langu lipite kwenye skrini na Katarina alisome.

Ijumaa, 20 Septemba

Kikao kwenye ghala la mzee Gulamali, tumekaa juu ya magunia ya mchele. Aqeel ana kamera moja ya kuazima na betri mbili, moja mgonjwa. Mzee anatoa turubai, maji na biskuti, kwa sharti bidhaa za dukani kwake zionekane. Aqeel akamweleza baba yake kwa adabu kwamba maharamia wa zamani hawakuwa na ndoo za plastiki. Mzee akauliza, walichotea nini maji? Hakuna aliyejua. Ndoo zimo.

Magofu ya Kilwa Kisiwani hatuyasogelei. Mhifadhi ameshasema pale hakichimbwi hata kwa kidole cha mguu. Picha tutachukulia Fungu Mbuzi, kile kisiwa kidogo cha mchanga na mikoko. Hakina mtu. Wala mbuzi.

Kidawa muuza samaki ndiye mlinzi wa hazina. Kuniona tu akauliza kama siku hizi Wamwera wanaruhusiwa kukaa na watu. Nikajibu tunaruhusiwa, ila wakiwepo Wangindo tunakaa upande unakotoka upepo. Aqeel akaruka katikati kutusuluhisha! Jerome akamvuta pembeni, akamwambia hao ni watani, waache, siku wasipotukanana ndiyo uite polisi.

Sanduku la hazina atatengeneza Sipriani, fundi seremala. Rahisi na wa haraka.

Jumapili, 22 Septemba

Baada ya misa nilimwambia Katarina. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza muvi itakwisha lini. Nikasema katikati ya Oktoba. Akasema, haya.

Hiyo "haya" nimeichambua njia nzima mpaka nyumbani. Naona ina uzima.

Jumanne, 24 Septemba

Sijui niandike nikicheka au nikitubu.

Sipriani maisha yake yote anatengeneza majeneza. Mkono umezoea. Tulipofika kuchukua sanduku la hazina tulikuta kitu kirefu, kipana mabegani, chembamba miguuni. Amekipaka dhahabu vizuri sana, hilo sikatai. Aqeel akamwambia sanduku la hazina huwa fupi na lina mgongo. Sipriani akauliza, hazina ikienea humu, shida iko wapi? Mbao zimekwisha na boti inangoja. Tukakubali.

Gari hatukupata. Tukaliweka begani: mimi, Jerome, Aqeel na Sipriani mwenyewe. Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa, barabara ina vumbi, Aqeel akalifunika kwa shuka la dukani kwa baba yake. Hapo ndipo tulipojimaliza.

Kijiwe cha kahawa kilikuwa cha kwanza kusimama. Wazee wote. Bodaboda wakazima injini. Halafu vijana wakaja kutupokea, maana jeneza likipita mbele yako huwezi kulitazama tu, unaweka bega hata hatua chache, unapata thawabu zako, unampisha mwingine. Anayepokea naye anapokelewa. Kufika sokoni hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amebeba! Tunakimbilia nyuma kama wapita njia. Wanawake wamejitanda. Maduka yanashusha milango nusu. Mzee Gulamali akashusha wa kwake, akatoka, akaweka bega mbele kabisa. Alikuwa analibeba shuka lake mwenyewe na hajui.

Kweli nilitaka kusema. Lakini utaanzia wapi? Msafara mrefu vile, watu wameinamisha vichwa. Bwana mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini marehemu ni nani. Ulimi ukateleza, nikasema Kapteni. Akauliza, wa jeshi? Nikasema hapana, wa baharini. Akatikisa kichwa, akaenda kuwaambia wenzake. Mpaka tunafika gatini kapteni wangu alikuwa ameacha wajane wawili na watoto wadogo Mafia.

Gatini mzee mmoja akainua mikono aombe dua. Aqeel akashindwa. Akafunua shuka.

Dhahabu tupu. Inang'aa juani! Kisha Kidawa, beseni la samaki kichwani, akaanza kucheka, na alipoanza yeye gati zima likaondoka naye. Mzee wa dua hakucheka. Alisema thawabu zao wameshazipata, ziko palepale, sisi hesabu yetu tutaijua wenyewe. Mzee Gulamali aliuliza jambo moja tu, kwa nini shuka ni jipya.

Alhamisi, 26 Septemba

Siku ya kwanza Fungu Mbuzi. Nimepigana na Jerome toka asubuhi. Mapanga ya mbao, lakini kiwiko changu hakijui kuwa ni ya mbao. Jerome amepanda juu ya ndoo nyekundu ya mzee Gulamali kutoa hotuba ya ushujaa, kaa akambana kidole. Akaendelea kuhutubia huku machozi yanamtoka. Aqeel amefurahi sana, anasema machozi yale hata Dar hayapatikani.

Mimi nilicheka kicheko cha adui mpaka ndege wakaruka mikokoni. Raha! Nimezaliwa kwa kazi hii.

Jumapili, 29 Septemba

Aibu. Jana saluni ilijaa. Mkono wa kinyozi hautulii, na kioo kiko mbele yangu kutwa. Baina ya mteja na mteja nikajigusa ndevu kidogo huku. Kidogo na huku. Nikazichonga. Zikapendeza!

Leo mchana Aqeel aliponiona gatini, kabla hatujavuka, alikaa chini kwenye mchanga. Kapteni anainua panga akiwa na ndevu za kifuani, panga linashuka ana ndevu za bwana harusi. Akasema nirudi saluni nifagie nywele za wateja tubandike. Hilo nimekataa katakata. Watu wananiachia vichwa vyao kwa sababu wanaona nywele nazifagia na kuzichoma palepale, hazichukuliwi na mtu. Wakisikia nywele zao ziko kidevuni mwa haramia nafunga duka.

Sipriani ameenda machinjioni akaleta ndevu za beberu. Zimeshika vizuri. Zinanuka beberu. Wote wanaongea na mimi kwa mbali, isipokuwa nzi.

Katarina alikuwa gatini tuliporudi, anapokea kifurushi cha dawa. Akaniona. Alicheka mpaka akashika nguzo. Akauliza tumefikia wapi. Nikasema imebaki sehemu ndogo tu. Akasema, kumbe unaweza.

Kumbe unaweza! Nimekula wali mabakuli mawili.

Jumatano, 2 Oktoba

Aqeel ametueleza mwisho wa muvi. Hazina inapatikana, Kapteni Fupa anauawa, na kwa kuwa sanduku limeshakuwa tupu, wanamzika humo humo, katika shimo lile lile alilolichimba kwa uroho wake. Nimeupenda mwisho huo. Nitakufa taratibu, kwa maneno mengi!

Jioni nikampigia simu Mama, kule kijijini Nyangamara, kumpa habari. Nilipofika kwenye kuzikwa simu ikawa kimya. Nikadhani mtandao. Halafu akasema, "Lukas, kaburini huingii. Hata kwa mchezo. Usijichurie."

Akakata. Nimepiga tena na tena. Hapokei.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimemwambia Aqeel siingii shimoni. Basi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Jana wamejaribu kumzika Kapteni bila mimi. Wamejaza pumba kwenye gunia, wakalivisha koti langu na ndevu za beberu. Kwenye kamera linaonekana gunia la pumba lenye ndevu. Wakaulizana nani atalala badala yangu. Jerome stelingi, hawezi kujizika. Sipriani, mtu anayetengeneza majeneza kila wiki, akasema yeye huyapima kwa kamba, kuyalalia hajawahi na hataanzia kwenye la dhahabu. Uchuro unaogopwa na wote, sema wao waliniachia mimi niwe wa kwanza kusema.

Aqeel hakunigombeza. Alisema tu kwamba kamera inarudi Dar kwa mwenyewe baada ya sikukuu ya tarehe kumi na nne, na muvi ambayo adui yake hazikwi haina mwisho. Atabaki na vipande vya watu wanakimbizana mchangani.

Saluni leo kazi ilikuwa kunisikiliza mimi nikisemwa. Lukas ameacha tena. Wanasema kwa kucheka, hawana ubaya. Mmoja akauliza ukuta nao namalizia lini. Nikamnyoa kimya. Nilimnyoa vizuri, kwa hasira.

Kisha nikapita duka la dawa. Katarina alikuwa ameshasikia. Nikamweleza habari ya Mama. Akasema mama yangu ana haki. Akageuka kupanga chupa zake. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kumwambia mtu dawa hii utakunywa baada ya chakula. Bora angenifokea. Nimeumia, siwezi kujificha kwenye daftari langu mwenyewe.

Kesho napanda basi kwenda Nyangamara.

Jumatatu, 7 Oktoba

Niko nyumbani. Msimu wa korosho ndiyo unaanza, Mama alfajiri yuko shambani. Nilimsalimu shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Nikachukua ndoo nikaokota naye. Tulikwenda hivyo mistari miwili mizima, yeye anatenganisha korosho na mabibo, mimi navunjika mgongo.

Jua lilipokuwa kali tukakaa. Akaanza mwenyewe.

"Mimi nimeshazika wawili. Valentini nilimwona akishuka, na Anjelina nilimwona. Wewe wa tatu nije nikuone unashuka ili watu wacheke?"

Mimi ndugu zangu siwakumbuki vizuri, nilikuwa mdogo. Yeye anawakumbuka kila siku, na mimi nilimpigia simu kwa furaha kumwambia nazikwa. Mjinga mimi! Nilimwomba radhi, nikamwambia nimeshakataa, muvi imekufa, mimi sifi.

Lakini uso wangu haujui kuficha. Akauliza kuna nini kingine. Ndipo nikamweleza habari ya Katarina, mara ya kwanza. Kwamba anataka kuona kitu kimoja tu. Mama akaendelea na korosho zake muda. Akauliza binti ni wa wapi. Nikasema Rutamba. Akauliza anafanya kazi gani, na kama anaamkia watu. Nikasema anaamkia hata wateja wadogo. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: huko kwenye muvi kuna mtani?

Nikasema yupo. Mngindo. Ana mdomo.

"Basi aingie yeye kwanza," Mama akasema. "Mtani ndiye aliyepewa ruhusa ya kucheza na kifo, sisi hatuna. Aingie, akufungulie, akutoe kwa mkono wake. Na mimi nakuja. Nataka nikuone ukitoka."

Jioni kanikaangia korosho mbichi na chumvi. Nimekula mpaka midomo inawasha.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimemkuta Kidawa anapaa samaki aina ya changu. Nikamweleza ombi la Mama. Akasema amesubiri miaka mingi kumzika Mmwera, na kwamba kaburi ataliongezea upana upande wa kichwa.

Kisha akanawa mikono, akakaa vizuri. Akasema kazi hiyo ataifanya kama inavyofanywa msibani hasa. Mtani anaingia kaburini, anazuia maziko, anadai mpaka wafiwa watoe. Atadai anachotaka yeye. Na asije mtu na makaratasi kumfundisha la kusema.

Aqeel alishika kichwa kidogo, maana hilo halimo kwenye muvi yake. Baadaye akauliza atazuia kwa muda gani. Kidawa akasema inategemea na ubahili wa wafiwa. Aqeel akaenda kuchaji betri zote mbili, nzima na mgonjwa.

Muvi imefufuka! Nilitaka kukimbia duka la dawa kusema. Nikajizuia. Safari hii sisemi, nafanya.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mama amefika na mfuko wa korosho na jogoo. Akasimama mbele ya saluni, akautazama ukuta, akauliza kama umevaa suruali mguu mmoja.

Magoti yanamsumbua kwa safari. Nikasema nimletee dawa ya kuchua. Akasema hapana, ataenda kuinunua mwenyewe. Akajifunga kitenge chake cha kanisani! Kununua dawa ya kuchua!

Alikaa huko mpaka nikanyoa vichwa viwili na cha tatu nikakosea. Amerudi na dawa. Nimemuuliza wamezungumza nini muda wote huo. Kasema magoti.

Jumatatu, 14 Oktoba

Naandika nikiwa kaburini.

Si mzaha. Nimelala kwenye sanduku la Sipriani, daftari liko kifuani, penseli ni ya Sipriani pia, ile bapa ya seremala. Daftari lilikuwa kwenye koti la Kapteni. Betri ile nzima imekwisha, Aqeel amekimbilia kwenye boti kuleta ile mgonjwa, na amepiga marufuku mtu yeyote kusogea hata unyoya, picha zisije zikapishana. Tangu zile ndevu haniamini. Basi tumekaa kama alivyotuacha, na mimi niandike upesi.

Asubuhi nilifika gatini nikiwa na Mama, nikamkuta Katarina ameshapanda boti. Sikukuu, duka lao limefungwa. Amesema amealikwa. Nikamtazama Mama, Mama akatazama bahari. Njia nzima walikaa pamoja, wanagawana korosho, mimi nimekaa peke yangu na harufu ya beberu.

Nilikufa vizuri. Mara ya kwanza Jerome aliniua akajikwaa kwenye ndoo nyekundu, mara ya pili ikawa safi. Maneno yangu ya mwisho niliyasahau yote kwa sababu Katarina alikuwa anaangalia, nikasema tu "ah". Aqeel anasema imetosha.

Kabla sijashushwa Kidawa akaingia shimoni kama alivyoagizwa. Akalala chali, akafumba macho, akakaa hivyo kidogo. Hakuna aliyecheka. Akainuka, akajikung'uta mchanga, akasema haya, mleteni, nimemtolea baridi.

Nikashushwa. Na hapa niseme ukweli. Niliogopa. Mbao za Sipriani hata ukizipaka dhahabu zinanuka msiba. Nimefumba macho, naona wekundu wa jua tu, nasikia kamba zinalia, na nilimsikia Mama akivuta pumzi juu yangu kama mtu anayenyanyua mzigo. Nilitaka kuruka nitoke. Kisha pindo la koti langu likavutwa. Ni yeye. Amepiga magoti ukingoni, ameshika pindo, na hajaliachia mpaka sasa ninavyoandika. Shimo si refu, mchanga wa huku unabomoka. Aqeel alimwambia mkono wake unaonekana kwenye picha. Mama akamjibu, uonekane.

Walipochukua tu mapauro wafukie, Kidawa akanikalia miguuni. Akasema hazikwi mtu hapa. Mmwera huyu ana deni la maneno tangu mwezi uliopita, na kichwa hakijaingia vizuri. Jerome akamtolea ndoo nyekundu. Akaikataa. Akampa biskuti za mzee Gulamali. Akazila, akakataa. Nikamsikia Mama anacheka. Mama yangu, kaburini kwangu, anacheka! Woga wote ukanitoka, nikabaki na kazi ya kuzuia tumbo lisitikisike.

Halafu Kidawa akabadilisha sauti. Akauliza polepole, kila mtu asikie:

"Maiti hii ina mwenyewe, au imeokotwa ufukweni? Mimi siachii kaburi mpaka nimjue mjane. Mjane wake nani?"

Mawimbi tu. Kamera inaendelea, naisikia. Mimi maiti, siwezi kusema acha, Kidawa, usinidhalilishe. Hakuna aliyejibu. Nikafikiri, basi, sasa ndiyo nimezikwa.

Mchanga kidogo ukanidondokea shavuni. Kisha hatua, za taratibu, za mtu aliyevua viatu. Nikamsikia Mama anasema sogea huku, mwanangu, mchanga hapo unabomoka. Mwanangu wake ni mimi, na mimi nilikuwa nimelala shimoni! Nikafungua jicho moja.

Katarina amekaa ukingoni mwa kaburi langu. Amenyoosha miguu, amejitanda kitenge cha kanisani cha Mama mpaka kwenye paji la uso, kama wanavyokaa waliofiwa. Kidawa alimtazama, akafungua mdomo aseme kitu, na hapo hapo Aqeel akapiga kelele, betri!

Ndivyo tulivyo mpaka sasa. Kidawa bado amenikalia, ganzi imenifika magotini. Amemaliza biskuti. Sipriani anachungulia kazi yake na kuisifu. Katarina hasogei, kakatazwa. Ananitazama tu. Ameniuliza naandika nini. Nimesema habari za leo. Akauliza yeye yumo. Nimesema yumo.

Aqeel anarudi, anakuja mbio na betri ameinyanyua juu ya kichwa isipate maji. Anapiga kelele toka mbali kwamba tunarudia pale pale: Kidawa anauliza tena, mjane anajibu. Anajibu! Mara ya kwanza alikaa tu. Safari hii itabidi alitamke, mbele ya Mama na kamera na Kidawa, na mimi nimelala chini yake siwezi hata kukohoa. Mama amekaza mkono kwenye pindo. Betri hii ni mgonjwa, hairudiwi tena. Nimemwambia Katarina asubiri kidogo nimalize sentensi hii niliyoianza, na yeye ameinama mpaka kitenge kimenigusa uso, amesema, "Hiyo iache, Lukas. Fumba macho